Sahihisha Ukanda Kabla ya Kugusa Saa

Umekodi seva, umeingia kwa mara ya kwanza, umeandika `date`, nayo ikakujibu 06:10. Simu iliyo mkononi mwako inasema 09:10. Kishawishi cha kwanza ni kuisogeza saa ya seva mbele kwa saa tatu ili mambo yaishe. Ukifanya hivyo, tarakimu utakazoziona zitapendeza macho, lakini mashine utakuwa umeiharibu. Vyeti vya usalama vya tovuti vinaweza kukataliwa, namba za siri zinazobadilika kila nusu dakika hazitakubalika, na kumbukumbu za matukio zitataja mambo ya wakati ambao bado haujafika. Seva haikuwa imekosea hata kidogo. Ilikuwa inakutajia saa ya dunia, UTC, nawe ukaisoma kana kwamba ni saa ya Dar es Salaam.

Ndiyo maana mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja: tambua kwanza kilichokosewa ni ukanda au ni saa yenyewe. Tofauti ya saa kamili, kama vile tatu au mbili, mara nyingi hutokana na ukanda. Tofauti ya sekunde, dakika au miaka mizima hutokana na saa. Ukanda hurekebishwa kwa kuubadilisha, na saa kwa kuisawazisha. Usitumie dawa ya kimoja kutibu kingine.

Amri nyingi hapa chini ni za Linux, kwa kuwa ndiko watu wanakolazimika kufanya kazi bila madirisha na kipanya. Za Windows na Mac zimewekwa karibu na mwisho.

Vitu vitatu vinavyoitwa saa

Ndani ya kompyuta kuna mambo matatu tofauti.

La kwanza ni saa ya mfumo. Hii haijui asubuhi wala jioni. Inahesabu tu sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, saa 00:00 UTC. Unaweza kuiona hesabu hiyo:

```
date +%s
```

Kompyuta iliyoko Mombasa na nyingine iliyoko Muscat, zote zikiwa sahihi, zitatoa namba ileile ukiziuliza kwa wakati mmoja.

La pili ni ukanda wa saa. Huu ni kanuni ya kuigeuza namba ile iwe tarehe na saa ambayo binadamu wa mahali fulani anaielewa. Linganisha amri hizi tatu:

```
date
date -u
TZ=Asia/Muscat date
```

Ya kwanza inatumia ukanda wa mashine, ya pili UTC, ya tatu ukanda wa Oman. Namba iliyo ndani haikuguswa. Kilichobadilika ni maonyesho. Kwa hiyo anayesogeza saa ili kurekebisha ukanda anaidanganya ile hesabu ya sekunde, na kila kompyuta inayowasiliana naye itaugundua uongo huo.

La tatu ni saa ya maunzi: kijichipu kwenye bodi kuu, kinachoendeshwa na betri ndogo ya duara wakati umeme umezimwa. Mfumo ukiwaka, huisoma saa hii ili kupata pa kuanzia.

Chunguza kabla ya kutibu

Kwenye Linux nyingi za leo, zikiwemo Ubuntu, Debian na Fedora, amri moja inatosha kukuonyesha hali nzima:

```
timedatectl
```

Jibu lake huwa na sura hii:

```
               Local time: Wed 2025-06-18 14:20:07 EAT
           Universal time: Wed 2025-06-18 11:20:07 UTC
                 RTC time: Wed 2025-06-18 11:20:07
                Time zone: Africa/Dar_es_Salaam (EAT, +0300)
System clock synchronized: yes
              NTP service: active
          RTC in local TZ: no
```

Anza na mstari wa pili, ule wa `Universal time`. Chukua simu yenye saa sahihi, toa tatu kama uko Tanzania, Kenya au Uganda, kisha linganisha. Ikiwa UTC ya mashine ni sahihi, saa ni nzima na dosari yoyote unayoiona iko kwenye ukanda. Ikiwa UTC yenyewe imepotoka, hapo ndipo kuna kazi ya kusawazisha saa. Hatua hii haichukui hata dakika, nayo hukuepusha na makosa mengi ya fani hii.

Mstari wa tatu, `RTC time`, ni saa ya maunzi. Mstari wa mwisho ukisema `no`, maana yake saa hiyo imewekwa kwa UTC, na ndivyo inavyotakiwa kwenye Linux.

Jina la ukanda

Kanda hupewa majina kwa bara na mji. Orodha ya Afrika utaipata hivi:

```
timedatectl list-timezones | grep Africa
```

Si kila mji umo. Tanzania nzima, Bara na Visiwani, inatumia `Africa/Dar_es_Salaam`. Ukitafuta Dodoma, Arusha au Zanzibar utatoka mikono mitupu. Kenya yote ni `Africa/Nairobi`. Yafuatayo ni majina ambayo msomaji wa Kiswahili huenda akayahitaji:

- `Africa/Dar_es_Salaam`, `Africa/Nairobi`, `Africa/Kampala`: UTC+3
- `Indian/Comoro`: UTC+3
- `Africa/Kigali`, `Africa/Bujumbura`: UTC+2
- `Africa/Lubumbashi`, kwa mashariki ya Kongo, pamoja na Goma, Bukavu na Kisangani: UTC+2
- `Africa/Kinshasa`, kwa magharibi ya Kongo: UTC+1
- `Asia/Muscat`, `Asia/Dubai`: UTC+4

Kwa nini kuandika jina la mji badala ya kutaja +3 na kumaliza? Kwa sababu nyuma ya jina kuna historia. Hifadhidata ya kanda za saa, iliyoanzishwa na Arthur David Olson na kutunzwa kwa miaka mingi na Paul Eggert, huweka kumbukumbu ya mabadiliko ya kila eneo. Jaribu hii:

```
TZ=Africa/Nairobi date -d '1941-06-01 12:00 UTC'
```

Utajibiwa 14:45, si 15:00, kwa kuwa wakati huo Nairobi ilikuwa mbele ya UTC kwa saa mbili na dakika arobaini na tano.

Mabadiliko hayajaisha pia. Tarehe 1 Februari 2021, Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, ikatoka UTC+3 na kuingia UTC+2. Aliyekuwa ameandika `Africa/Juba` kwenye seva zake alihitaji tu kusasisha hifadhidata, nayo mashine ikajirekebisha. Aliyekuwa ameandika +3 kwa mkono ilimbidi azunguke mashine moja baada ya nyingine. Kwenye Debian na Ubuntu, usasishaji huo hufanywa hivi:

```
sudo apt update
sudo apt install --only-upgrade tzdata
```

Kuna mtego mwingine. Ndani ya orodha nzima, isiyochujwa kwa `grep`, utakuta jina kama `Etc/GMT-3`. Hilo, kinyume na unavyotarajia, ni la mahali palipo *mbele* ya UTC kwa saa tatu. Alama zake zimegeuzwa kwa kufuata desturi ya kale ya Unix. Achana nalo, tumia jina la mji.

Kuweka ukanda

Ukishalijua jina, kazi ni amri moja:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
```

Kinachofanyika nyuma ya pazia ni kwamba `/etc/localtime` inaelekezwa kwenye faili la ukanda uliouchagua. Hakikisha:

```
ls -l /etc/localtime
```

Kwenye mashine isiyo na `timedatectl`, fanya kazi hiyo mwenyewe:

```
sudo ln -sf /usr/share/zoneinfo/Africa/Nairobi /etc/localtime
```

Programu zilizokuwa zimewaka kabla ya mabadiliko huenda zikaendelea na ukanda wa zamani hadi ziwashwe upya. Zikumbuke hasa zile za kupanga kazi za usiku na za hifadhidata. Kama mashine haina wateja wakati huo, kuiwasha upya yote ndiyo njia ya mkato iliyo salama.

Je, kila mashine iwekwe ukanda wa nyumbani? Kompyuta ya ofisi, ndiyo. Seva inayohudumia watu wa Kigali, Nairobi na Muscat kwa pamoja, iache kwenye UTC, kisha kila mtumiaji ajiwekee ukanda wake. Ongeza mstari huu kwenye faili lako la `~/.profile`:

```
export TZ=Africa/Nairobi
```

Wewe utaona saa ya kwenu, mwenzako ataona ya kwao, na kumbukumbu za seva zitabaki katika lugha moja. Ukisaka kosa lililoanzia Kigali likaishia Nairobi, hutalazimika kujumlisha na kutoa kwa vidole.

Kuwa mwangalifu na tahajia lakini. `timedatectl` hukataa jina lisilokuwepo na kukuambia wazi. Kigezo cha `TZ` hakikuambii kitu. Andika `TZ=Africa/Dodoma date` na utapewa saa ya UTC kimyakimya, pembeni yake pakiwa pameandikwa `Africa` kana kwamba mambo ni shwari. Ukiona neno hilo mahali ambapo ungetarajia `EAT`, jua umekosea jina.

Iache ijisawazishe

Sasa tuje kwenye saa yenyewe. Hakuna kompyuta inayotunza saa vizuri kwa kujitegemea. Zote huchelewa au kuwahi kidogo kila siku, na kidogo hicho hujikusanya. Dawa ni kuiruhusu iulize seva za saa kupitia mtandao, kwa itifaki ya NTP. Itifaki hii ilibuniwa na David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, na maelezo yake ya kwanza rasmi yalitoka mwaka 1985. Ujanja wake ni kupima muda ambao ujumbe umechukua kwenda na kurudi, kisha kuufidia, hivyo hata intaneti ya kusuasua huweza kukupa saa iliyo sahihi kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Washa:

```
sudo timedatectl set-ntp true
timedatectl timesync-status
```

Amri ya pili hukuonyesha seva inayoulizwa na tofauti iliyopatikana. Ukitaka kuchagua seva za karibu, fungua `/etc/systemd/timesyncd.conf` na chini ya `[Time]` uandike:

```
NTP=0.africa.pool.ntp.org 1.africa.pool.ntp.org
```

Kisha:

```
sudo systemctl restart systemd-timesyncd
```

Mashine nyingine, hasa za ukoo wa Red Hat, hutumia programu ya chrony. Huko utauliza hivi:

```
chronyc tracking
chronyc sources
```

Na kama saa imepotoka sana na hutaki kusubiri isogezwe polepole:

```
sudo chronyc makestep
```

Tahadhari kwa mashine yenye hifadhidata inayofanya kazi: kuirudisha saa nyuma kwa ghafla kunaweza kuchanganya mpangilio wa rekodi, kwa kuwa muamala wa baadaye utaonekana umetangulia. Simamisha huduma, rekebisha, kisha uwashe.

Ikiwa `System clock synchronized` inabaki `no` baada ya dakika kadhaa, shuku ukuta wa moto wa ofisi. NTP hupita kwenye bandari ya 123 ya UDP, na wasimamizi wengi wa mitandao huifunga bila kukumbuka kazi yake. Mwombe msimamizi aifungue, au akupe anwani ya seva ya saa iliyo ndani ya ofisi.

Ikibidi kuweka kwa mkono

Kuna mahali ambapo hakuna mtandao, au NTP imezuiwa. Hapo zima usawazishaji kwanza, la sivyo amri itakataliwa:

```
sudo timedatectl set-ntp false
sudo timedatectl set-time '2025-06-18 14:20:00'
```

Saa unayoiandika hapa husomwa kwa ukanda wa mashine. Hii ni sababu nyingine ya kumaliza suala la ukanda kabla ya kufika hatua hii.

Kama kurasa za wavuti zinafunguka lakini NTP imezuiwa, kuna njia ya kupata saa iliyo karibu na ukweli. Kila seva ya wavuti hutaja saa yake inapojibu:

```
curl -sI http://www.google.com | grep -i '^date'
```

Chukua tarehe na saa uliyopewa, ambayo siku zote huwa GMT, na uiweke kwa `-u` ili isichanganywe na ukanda wako:

```
sudo date -u -s 'Wed, 18 Jun 2025 11:20:07 GMT'
```

Angalia kwamba anwani inaanza na `http`, bila herufi `s`. Mashine ambayo saa yake iko nyuma kwa miaka huviona vyeti vya usalama kuwa havijaanza kutumika, kwa hiyo muunganisho wa `https` utakwama. Kwa sababu hiyohiyo `apt` hulalamika kwamba faili la hazina `is not valid yet`. Ukikutana na maneno hayo, usihangaike na hazina, tazama saa.

Saa ya Kiswahili mbele ya mashine

Bosi akikuambia nakala ya akiba ifanyike saa nane usiku, mashine itataka 02:00. Kompyuta huanza siku usiku wa manane na kuhesabu hadi 23:59. Sisi tunahesabu kuanzia mapambazuko na machweo. Kugeuza ni hesabu nyepesi:

- Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, jumlisha sita. Saa tatu asubuhi ni 09:00, saa kumi jioni ni 16:00.
- Kuanzia saa moja hadi saa tano usiku, jumlisha kumi na nane. Saa mbili usiku ni 20:00.
- Saa sita usiku ni 00:00, na hapo tarehe inabadilika.
- Kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, toa sita. Saa kumi na moja alfajiri ni 05:00.

Penye hatari ni kwenye tarehe kuliko kwenye saa. Anayesema “Jumatano usiku, saa nane” aghalabu anamaanisha usiku wa kuamkia Alhamisi. Kwa mashine, huo tayari ni Alhamisi. Ukipanga kazi hiyo kwenye cron, ambako Jumapili ni 0, Jumatatu ni 1, na kuendelea, sahihi ni siku ya nne:

```
0 2 * * 4 /usr/local/bin/akiba.sh
```

Ukiweka 3, akiba itafanyika usiku mmoja kabla, na hutajua mpaka siku utakapoihitaji. Muulize aliyekutuma: kuamkia siku gani?

Kwa anayetaka kuiona saa ya Kiswahili kwenye terminali, amri hii inatosha kwa eneo la UTC+3:

```
TZ=SAA3 date +%I:%M
```

Saa 14:20 ya Nairobi itasomeka 08:20, yaani saa nane na dakika ishirini. Kwa Kigali, Bujumbura na Lubumbashi weka `SAA4`. `SAA` ni jina la kubuni tu, na tarakimu inayofuata inarudisha saa nyuma ya UTC, kwa desturi ileile ya alama zilizogeuzwa. Itumie kutazama tu. Usiifanye kuwa ukanda wa mashine, kwa kuwa tarehe yake haitalingana na ya kalenda.

Kwa wenye ndugu au wateja ng'ambo, `date` pia hukokotoa miadi. Kikao cha saa 19:00 London kitakuwa saa ngapi kwenu?

```
date -d 'TZ="Europe/London" 2026-01-15 19:00'
date -d 'TZ="Europe/London" 2026-07-15 19:00'
```

Kwenye mashine ya Dar es Salaam, ya Januari itakujibu 22:00 na ya Julai 21:00. Uingereza husogeza saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba; sisi hatusogezi. Asiyejua hilo hufika kikaoni saa nzima kabla au baada ya wenzake.

Saa ya maunzi na betri yake

Kompyuta ya mezani ambayo kila umeme ukikatika hurudi miaka ya nyuma ina betri iliyochoka. Mara nyingi ni aina ya CR2032, ya volti 3, inayouzwa pia kwenye maduka ya saa na vifaa vya umeme. Zima mashine, chomoa waya, badilisha betri, kisha usawazishe saa ya mfumo kwa njia zilizotajwa juu. Baada ya hapo iandike kwenye maunzi:

```
sudo hwclock --systohc
sudo hwclock --show
```

Usikosee mwelekeo. `--systohc` huchukua saa ya mfumo na kuiandika kwenye maunzi. `--hctosys` hufanya kinyume, na ukiitumia wakati maunzi ndiyo yaliyopotoka utakuwa umelieneza kosa.

Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa ya maunzi kabisa. Toleo la 5 linayo, ila betri hununuliwa kando. Bila hiyo, kifaa kikiwaka huanzia kwenye saa ya mwisho kilichoihifadhi na kusubiri mtandao. Ukikitumia shambani au kwenye mtambo wa maji kurekodi vipimo bila intaneti, kiongezee moduli ya saa yenye betri. Vinginevyo rekodi zako zitakuwa na tarehe zisizoaminika.

Windows na Linux ndani ya mashine moja

Wanaotumia mifumo yote miwili hukutana na kioja: ukitoka Linux na kuingia Windows, saa iko nyuma kwa saa tatu, ukiirekebisha huko na kurudi Linux, iko mbele kwa saa tatu. Hakuna virusi. Linux huiweka saa ya maunzi kwa UTC, na Windows huisoma kana kwamba ni saa ya nyumbani. Dawa nzuri ni kuifundisha Windows UTC. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike kwa mstari mmoja:

```
reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f
```

Kisha washa upya. Kama kompyuta si yako na huruhusiwi kuigusa Windows, unaweza kuilazimisha Linux ifuate saa ya nyumbani kwa `sudo timedatectl set-local-rtc 1`, ila yenyewe itakuonya, na onyo hilo lina msingi. Chagua dawa moja. Ukitumia zote mbili, mifumo itapishana tena.

Kontena

Kontena la Docker halina saa yake. Linatumia ile ya mashine mwenyeji. Kujaribu `date -s` ndani yake kutakataliwa, na ni vyema. Rekebisha saa kwenye mwenyeji. Ukanda, hata hivyo, kila kontena linaweza kuwa na wake:

```
docker run -e TZ=Africa/Dar_es_Salaam debian date
```

Picha nyepesi kama za Alpine huja bila hifadhidata ya kanda, hivyo `TZ` haitakuwa na athari mpaka uongeze `apk add tzdata` wakati wa kujenga picha hiyo.

Windows na Mac

Kwenye Windows, ukanda huulizwa, huorodheshwa na kuwekwa kwa `tzutil`:

```
tzutil /g
tzutil /l
tzutil /s "E. Africa Standard Time"
```

Jina hilo ni la Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa Rwanda, Burundi na Lubumbashi tumia `South Africa Standard Time`. Kwa Kinshasa `W. Central Africa Standard Time`. Kwa Oman `Arabian Standard Time`. Kusawazisha saa:

```
net start w32time
w32tm /resync
w32tm /query /status
```

Ukiambiwa huduma tayari imeshawaka, endelea na mstari unaofuata.

Kwenye Mac:

```
sudo systemsetup -settimezone Africa/Nairobi
sudo systemsetup -setusingnetworktime on
sudo sntp -sS time.apple.com
```

Ukaguzi wa mwisho

Usiiache mashine kabla ya kupitia mambo haya kwa mpangilio:

1. `date -u` inalingana na UTC ya simu yako. Kama hailingani, rudi kwenye usawazishaji.
2. `timedatectl` inataja mji uliokusudia na tofauti uliyoitarajia, kwa mfano `+0300`.
3. `System clock synchronized` ni `yes`, au unajua kwa nini si hivyo.
4. `sudo hwclock --show` inaafikiana na saa ya mfumo.
5. Programu zenye ratiba zimewashwa upya, na ratiba zenyewe zimesomwa upya kwa saa za mashine.
6. Baada ya kuwasha mashine upya, ya kwanza hadi ya nne bado ni kweli.

Mpangilio huo si wa bahati. Hatua ya kwanza inahusu saa, ya pili ukanda, na hazibadilishani nafasi. Siku utakapopigiwa simu kwamba risiti zinatoka na saa ya ajabu, uliza kwanza imepotoka kwa kiasi gani. Ukiambiwa saa tatu kamili, kuna uwezekano mkubwa kwamba `set-timezone` pekee itamaliza kazi, na saa yenyewe hutaigusa.